Namba ya Kazi

Mhasibu alikuwa mtu wa kunusa. Kabla hajauliza swali alivuta pumzi puani, utadhani hesabu za watu zina harufu, na huenda zinayo. Siku aliyokuja kufunga hesabu za mwaka alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza, kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia tangu Fundi afariki. Mwenye ofisi, mjane wa Fundi, ambaye kila mtu alimwita Mkurugenzi, alifungua mdomo kumwambia ahame, akaufunga tena.

Jina hilo la Mkurugenzi lilianza kama utani. Fundi aliposajili kampuni yake ya kutengeneza lifti alitakiwa kutaja wakurugenzi wawili, akajiandika yeye na mkewe, kisha akarudi nyumbani amekumbatia cheti kama mtu aliyetoka na kichanga wodini. "Kampuni yenye dhima ya kikomo," alisoma, akilirefusha kila neno mpaka mkewe akacheka. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lake. Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha chini chenye stoo kwa nyuma, Fundi, na mdogo wake aliyeitwa Spana kwa wembamba wake na kichwa chake kikubwa. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha lifti za watu hazikwami, na zikikwama, kuwatoa waliomo.

Fundi alifia kazini, saa ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha mashine juu ya paa la jengo moja refu. Alipanda ngazi, akaketi juu ya boksi lake la vifaa apumzike, na Spana alipomfuata alimkuta ameketi vilevile, simu mkononi. Alikuwa amempigia mkewe. Mkurugenzi aliiona simu ikiita siku ile, lakini alikuwa na mteja mbele yake, mteja wa maneno mengi, akajisemea atampigia baadaye. Kila siku saa ile Fundi alipiga kuuliza jambo moja tu, kama amekula, na hakuna mke anayedhani kwamba swali dogo kama hilo lina siku yake ya mwisho. Hilo lilimtafuna. Lilimtafuna kimyakimya, huku akijibu barua za wateja na kununua grisi.

Sasa mhasibu alinusa, akaigeuza bili ya simu upande wake, akaanza somo. Gharama za simu, alisema, zinaingia kwenye hesabu za kampuni na kupunguza kodi bila mzozo, mradi mkataba uwe kwa jina la kampuni na laini itumike kwa kazi. Wale wanaotumia simu zao wenyewe ndio wenye taabu, maana hukaa na kalamu kuchambua simu moja moja, hii ya mteja, hii ya kumsalimia shangazi, wadai zile za mteja peke yake. Wao mkataba wao ulikuwa safi. Laini mbili, zote za kampuni. Moja ya Mkurugenzi. Hii ya pili anatumia nani?

Mkurugenzi akasema anatumia shemeji yake.

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoamini. Laini ya pili ilikuwa ya Fundi, na namba yake ndiyo iliyobandikwa ndani ya kila lifti waliyoihudumia. Mtu akibonyeza kitufe cha kengele, lifti yenyewe inaipiga. Baada ya mazishi kazi haikusimama. Lifti zilikwama, watu walibonyeza kengele, Spana alifika, watu wakatoka wakijifuta jasho. Nani mwingine angekuwa nayo? Hakuwahi kuuliza. Kuitaja simu ile kulikuwa ni kumtaja Fundi, na yeye na shemeji yake walioneana haya kwenye jambo hilo, kila mmoja akichelea kumliza mwenzake.

Mhasibu akasema kuna kasoro ndogo. Ujumbe unaotoka kwenye laini hiyo unakwenda kwa namba moja, na huo anauchukulia kuwa wa kazi. Lakini kila siku ya kazi, saa ya chakula, kuna simu fupi kwenda kwa Mkurugenzi mwenyewe. Ni za nini?

Mkurugenzi alihisi uso ukimwaka moto. Simu hizo alizijua. Zilianza muda mfupi baada ya msiba. Simu yake iliita, jina la Fundi likatokea kwenye kioo, naye akajiambia ni Spana, kaiweka mfukoni ikajibonyeza. Kuikata hakuweza, kwa sababu ya lile jina. Kuisikiliza pia hakuweza, maana angesikia sauti ya mtu mwingine ikitoka mahali pa mumewe. Basi aliipokea, akailaza kifudifudi mezani, akala mkate wake mpaka simu ikatike yenyewe. Ulikuwa ujinga, na alijua ni ujinga, lakini chakula kilishuka vizuri zaidi simu ikiwa wazi pale.

"Si kitu," alimwambia mhasibu. "Inajibonyeza."

Mhasibu akaeleza kwamba watu wa kodi hawana masikio ya habari za simu kujibonyeza. Wakiona simu za binafsi watashuku laini nzima, na kampuni yenyewe ilikuwa inachechemea tayari. Njia nyepesi ni atie sahihi tamko kwamba laini hii ni ya kazi tu, haina matumizi binafsi ya aina yoyote, halafu ahakikishe inakuwa hivyo. Karatasi alikuwa nayo tayari. Mkurugenzi akatia sahihi, akamsindikiza mlangoni, kisha akakirudisha kiti cha Fundi mahali pake.

Kesho yake saa ya chakula simu haikuita.

Alikuwa ameshakata mkate na kumenya yai. Alikaa akiitazama simu kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa, hata yai likaanza kukauka. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa akiingoja kila siku, na kwamba bila ile simu iliyolala kifudifudi ofisi ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alijionea aibu. Mtu mzima, na amezoea mfuko wa suruali ya shemeji yake.

Spana alipoingia kuchukua mkanda wa mashine, alimtania kwamba hatimaye amejifunza kufunga simu.

"Simu gani, shemeji?"

"Ya kaka yako. Ilikuwa inanipigia kila ukila."

Spana akauweka mkanda chini polepole. "Simu ya kaka unayo wewe," alisema. "Si ndiyo unayonitumia ujumbe?"

Walitazamana. Barabarani pikipiki ilipita, ikapita nyingine. Kisha Spana akatoa simu yake mwenyewe na kumwonyesha. Ujumbe ulikuwa mwingi, mmoja juu ya mwingine, wote kutoka kwa Fundi, hata wa asubuhi ileile. Ulitaja jengo, ulitaja idadi ya watu waliokwama, ulitaja mlango ulioshikwa. Spana alieleza kwamba alidhani Mkurugenzi amebaki na simu ya marehemu, anapokea watu, anamwelekeza yeye kwa ujumbe kwa kuwa hataki maongezi. Alimwonea huruma, akaacha kuuliza.

Mkurugenzi akampigia msimamizi wa jengo lililotajwa asubuhi. Alimuuliza, kwa sauti ya kibiashara, kama wateja wanapokelewa vizuri kwenye namba ya dharura. Msimamizi alisifu sana. Mwanamume mmoja mtulivu, alisema, sauti kama ya mwenye mafua, anauliza maswali yake matatu na mtu anatulia.

Fundi alikuwa na mafua ya vumbi mwaka mzima. Na maswali yake yalikuwa matatu.

Waliingia stoo pamoja. Ovaroli ya Fundi ilining'inia nyuma ya mlango, haijafuliwa, kwa sababu Mkurugenzi hakutaka harufu yake iende na sabuni. Spana hakuthubutu kuigusa. Mkurugenzi akapiga moyo konde, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa simu, ambayo bila shaka waliomshusha Fundi waliitia humo. Kioo kilikuwa kimepasuka, betri imevimba na kukisukuma kifuniko kwa nyuma, na vumbi limejaa kwenye tundu la chaji. Simu hiyo haikuwa na uwezo wa kumulika hata kioo chake, sembuse kumpokea mtu. Wakiwa wameishika hivyo, simu ya Spana ikalia mfukoni mwake. Ujumbe, kutoka kwa Fundi. Jengo la zahanati, mtu mmoja, ghorofa ya kati.

Spana alikwenda, kwa sababu mtu aliyekwama hawezi kuachwa, lakini alikwenda amepauka. Aliporudi alisema wazi kwamba laini ile ikatwe siku hiyohiyo. Alisema mtu akishazikwa aachwe. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho. Alichokuwa akikiwaza hakikuwa hofu. Alikuwa akizihesabu kichwani zile simu za saa ya chakula, akashindwa kuzimaliza. Mumewe alikuwa akimpigia. Kila siku alikuwa akiuliza swali lake, naye akimlaza kifudifudi mezani.

Alijaribu kumpigia kutoka simu yake; sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Akajaribu ya Spana, ikawa vilevile. Basi asubuhi moja alimwomba shemeji yake amsindikize kwenye lile jengo refu, ambalo hakuwahi kulikanyaga tangu msiba. Spana alibaki chini ukumbini, kofia mkononi. Yeye akaingia kwenye lifti, akabonyeza ghorofa ya juu kabisa, na milango ilipojifunga akabonyeza kengele.

Lifti ikasimama. Hakuwa ameisimamisha yeye. Taa ilipungua kidogo, feni ya darini ikaacha kuzunguka, na kwenye kioo cha ukutani alijiona amesimama katikati, mkoba umekumbatiwa kifuani. Spika ndogo ikakwaruza, halafu ikaita.

"Lifti," ilisema sauti ya Fundi. "Jengo gani?"

Ilikuwa sauti yake yote, pamoja na mafua. Akajishika kwenye bomba la ukutani. Alitaka kusema mengi, akasema jambo dogo kuliko yote. "Ni mimi."

"Mpo wangapi?"

"Mimi peke yangu. Mkurugenzi wako."

 Alisikia kwa mbali mashine ikinguruma, na upepo, kama unaovuma mahali pa juu.

"Kuna mgonjwa, mzee au mtoto?"

"Hakuna. Nisikilize, baba. Zile simu zako sikuzisikiliza, nilidhani ni mtu mwingine. Ile ya mwisho pia sikuipokea. Nipo sasa. Niulize."

"Kaa chini," ilisema sauti, kwa upole uleule aliowapa watu wote. "Usiguse mlango. Mtu anakuja."

"Niulize kama nimekula," alisema Mkurugenzi, na machozi yakaanza kumtoka.

Sauti ilisita. Ilikuwa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukikosa.

"Samahani, mama," ilisema. "Namba hii ni ya kazi tu."

Spika ikanyamaza. Mkurugenzi akakaa chini kama alivyoambiwa, juu ya sakafu ya lifti, akalia kwa sauti. Spana alipoufungua mlango kwa ufunguo wake wa pembetatu alimkuta hapo, akamwinua bila kumuuliza kitu. Baadaye tu, wakiwa nje kwenye jua, alimwonyesha ujumbe uliomjia. Jengo refu. Mwanamke mmoja, mgeni.

Mgeni. Neno hilo lilimuuma kuliko yote. Wasomaji wenye akili timamu watasema sahihi ni wino, na karatasi ni karatasi, na wafu hawasomi matamko ya kodi. Na wakae lifti ikwame nao. Mkurugenzi aliona jambo lenyewe lilivyo. Mtu wake alikuwa amebaki na vitu viwili, kazi na ile simu ya mchana, na yeye kwa kalamu yake alikuwa amemwachia kazi peke yake.

Spana akarudia kwamba laini ikatwe, iwe mwisho.

"Nimemwandikisha kazini na yuko kaburini," alimjibu. "Nikiikata sasa nitakuwa nimemwacha hukohuko, anafanya kazi na hanijui. Kwanza nimtoe. Kisha nitamwacha, nakuahidi."

Mhasibu alipoitwa tena alinusa mara mbili. Hakuelewa. Alieleza kwamba laini ikitolewa kwenye mkataba wa kampuni na kuandikwa kwa jina la mtu, gharama yake yote inamrudia mtu huyo, na tamko la zamani lazima lifutwe kwa tamko jingine, na watu wa kodi wakiona mtu anajibadilisha hivi wanaweza kuja kuchungulia. Alisema ni hasara tupu. Akauliza laini hiyo basi inatumika kwa nini, aandike. Mkurugenzi akamwambia aandike matumizi binafsi. Ya kazi kiasi gani? Hakuna, alisema. Hata kidogo. Safari hii aliisoma karatasi neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, tena akamrudisha mhasibu afute mahali pamoja alipoandika "kwa sehemu".

Kazi kubwa ilibaki kwa Spana. Alizunguka majengo yote, akabandua stika za namba ya kaka yake, akabandika zenye namba yake mwenyewe, na kuziagiza kengele zipige kwake. Alilalamika, maana alijua sasa usingizi wake umeuzwa, lakini hakuruka jengo hata moja. Lile refu alilimaliza mwisho. Alirudi na stika ya zamani ameikunja ndani ya leso, akamkabidhi shemeji yake, naye akaitia kwenye mfuko wa ovaroli pamoja na simu mbovu.

Siku iliyofuata, saa ya chakula, Mkurugenzi alikaa mezani. Alikuwa ameweka sahani mbele yake, na akakivuta kile kiti cha pili kidogo, kama mtu anavyomfanyia anayetarajiwa. Spana alikuwa stoo, mlango wazi, akijifanya anapanga boliti. Mkurugenzi aliilaza simu kioo juu. Alifikiri kwamba huenda amechelewa, kwamba mtu akishasahaulishwa mke hakumbushwi kwa karatasi ya pili.

Simu ikaita. Jina la Fundi likatokea.

Aliipokea, akaiweka sikioni, akaibana hasa. Kwanza alisikia pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kisha upepo ule wa juu.

"Mkurugenzi," Fundi alisema. "Umekula?"

Alikuwa amejiandalia maneno. Yote yakamtoka kichwani. "Ndiyo nakula," alisema, akakata kipande cha mkate ili lisiwe neno la uongo. "Na wewe?"

"Bado. Hizi ngazi leo zimenishinda." Alikohoa kidogo, kikohozi cha vumbi. "Naona nikae kwanza."

"Kaa, baba."

Akasikia bati la boksi la vifaa likilia chini ya uzito wa mtu anayeketi. Halafu, kwa mbali, ndani ya simu, kengele ya lifti ikaanza kulia. Ililia kwa kung'ang'ania, kama zinavyolia zote. Boksi likalia tena, uzito ukinyanyuka.

"Kuna watu wamekwama," alisema Fundi. "Ngoja niwapokee."

"Usiinuke," alisema Mkurugenzi. "Hao si wako tena."

Palepale simu ya Spana ikaita stoo, boliti zikamwagika sakafuni. Iliita, ikaita tena, na Mkurugenzi akageuka kumtazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Spana alikuwa amesimama mbele ya ovaroli, mdomo wazi. Kisha akajikaza, akaipokea.

"Lifti," alisema. "Jengo gani?" Akasikiliza. "Mpo wangapi?" Akasikiliza tena. "Kuna mgonjwa, mzee au mtoto?"

Ndani ya simu kengele ilinyamaza. Fundi naye alikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza kazi ya mwenzake na kuikagua.

"Anajua," alisema mwishowe.

"Anajua. Kaa upumzike."

Bati likalia mara ya mwisho, taratibu. Pumzi yake ikapungua haraka yake, ikawa ndefu, ikawa ya mtu aliyeegemea ukuta.  Mkurugenzi alikula mkate wake wote, na yai, simu ikiwa sikioni, akitafuna vizuri ili kule juu isikike kwamba anakula. Spana alichukua boksi lake na kutoka kwenda kuwatoa watu, akipita nyuma ya kiti kwa kunyata.

Sahani ilipokuwa tupu, upande wa pili ulibaki na upepo peke yake. Simu ilikuwa bado wazi. Siku zote ilijikata yenyewe, lakini leo haikujikata, na Mkurugenzi alielewa kwamba ilikuwa inamngoja yeye.

"Nimeshiba," alisema, kisha akaikata.